Aliyetoa Waya wa Betri

Malava, Kakamega
Jumapili, tumetoka kanisani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na nyingine umpelekee Baba akitoka shambani. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika huko Voi, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda milimani? Mdogo wangu Mghoi ameacha kulala na redio? Huku mvua hainyeshi kwa kupima. Kila jioni inakuja, nguo hazikauki, na miwa imeota mpaka ukitembea barabarani huoni nyumba ya jirani. Mwili wangu ni mzima. Nakula obusuma, ule ugali wenu, kila siku, na wifi yako Anti Nafula anasema nikirudi nyumbani hamtanitambua kwa mashavu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati juzi tu tumeongea kwa simu. Lakini unanijua, Mama. Hata nikiwa na habari njema kwenye simu nasema "niko sawa" tu mpaka salio linaisha. Na hizi si habari njema. Tena mjomba, Khotsa kama wanavyosema huku, hukaa karibu yangu kila nikikupigia, ananyosha mkono na kusema, "Lete dada yangu nimsalimie." Nisingeweza kuyasema akiwa amekaa pale. Nimempa barua hii dereva wa lori la sukari ambaye tulimtengenezea breki. Amesema akifika Voi ataiacha kwenye kibanda cha Mama Mwadime.

Hakuna aliyekufa. Naandika hivyo mapema ili usiketi chini. Ni kuhusu kaka yako.

Nianze na kazi, kwa sababu bila kazi hutaelewa. Ulinituma kwake baada ya mtihani wa kidato cha nne ukasema, "Ukitulia kwa mjomba wako utatoka na mikono yenye akili." Gereji ni ile ile uliyoijua, chini ya bati, kando ya barabara ya matrekta ya miwa. Mwanzoni watu walikuja kunitazama kama kitu cha maonyesho. Shikuku, anayechomelea mageti upande wa pili wa uzio wetu, aliniita Mpwani na kuniuliza kama nyumbani huwa tunakwenda shule kwa mashua. Nilitaka kumwambia kwamba Voi hakuna bahari, kuna vumbi na ndovu, lakini niliona haya. Nikacheka tu. Tangu hapo ni Mpwani.

Khotsa alinifundisha kwa maswali. Kila asubuhi, kabla ya chai, alisimama mbele yangu mikono ikiwa mgongoni. "Taa ya betri imewaka kwenye dashibodi, mwenye gari analia. Wewe unaanza wapi?" Nami najibu polepole nikiangalia viatu vyake. Naanza na mkanda: umekatika, au umelegea? Kisha waya nyuma ya altaneta, kama zimeshika au zimeoza. Kisha napima betri kwa mita ya volti injini ikiwa imezimwa, halafu napima tena ikinguruma. Namba ikipanda hadi karibu na kumi na nne, altaneta inachaji. Ikikaa pale pale kwenye kumi na mbili, au ikishuka, altaneta imechoka, na gari linakula betri yake mwenyewe mpaka litazimika njiani. Nikikosea neno moja, hata moja, ananirudisha mwanzo. "Mwiwa," ananiambia, maana huku ndivyo mjomba anavyomwita mtoto wa dada yake, "gari haidanganyi. Ni fundi ndiye anayeruka hatua."

Tena siku yangu ya kwanza kabisa aliniwekea mkono juu ya betri na kunionya. "Injini ikinguruma, waya wa betri hautolewi. Sisi wa zamani tulikuwa tunautoa, injini isipozima tunasema altaneta iko sawa. Mimi pia nilifanyanga hivyo. Lakini hizi gari zilizokuja baadaye utazichoma."

Nilimpenda sana kwa maswali yale, Mama. Shuleni mwalimu akiuliza nilijificha nyuma ya mgongo wa mtu. Kwake nilitaka kuulizwa.

Sasa, karibu na wakati ule uliponitumia viatu, aliniuliza swali la taa ya betri kama kawaida. Usingizi ulikuwa haujanitoka, nikaruka mkanda, nikaruka na waya, nikaenda moja kwa moja kusema natoa altaneta nje. Niliposikia nilichosema niliogopa, nikangoja anirudishe. Akasema, "Vizuri sana," akaenda kunywa chai.

Nilifikiri amenionea huruma. Kesho yake aliniuliza tena, na nilipomaliza kujibu nilithubutu kumwangalia usoni. Alikuwa ananiangalia vile mimi nilivyokuwa nikimwangalia yeye, kama mtu anayengoja kuambiwa kama amepata. Nikageuka nikachukua ufagio, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kulengalenga.

Baada ya hapo nilianza kuona. Anafungua nati za gurudumu, anasimama na spana mkononi, kisha anazikaza zote na kusema kazi imekwisha, na bado gurudumu halijatolewa. Alimwaga oili ndani ya injini ya matatu, akaenda kunawa, akarudi na kopo lingine. Nilisema kwa sauti ndogo, "Khotsa, nadhani imetosha." Akaangalia lile kopo, akalirudisha. Nikawa namfuata nyuma. Alichokaza nakikaza tena, alichosahau nakiokota. Kama ni mimi niliyekuwa nafundishwa kazi, basi kazi niliyojifunza zaidi ni hiyo, na sikumwambia mtu.

Ndipo likaja gari la Mama Ingokho.

Huyu ni mama anayenunua kuku vijijini na kuwapeleka mjini kwa Corolla ya zamani, ile ya mkia mrefu nyuma. Jina lake sijui, kila mtu humwita Mama Ingokho, yaani Mama Kuku, na hata gari lenyewe ukifungua mlango manyoya yanaruka. Alifika akisukumwa na vijana wawili, matenga yamejaa kuku.

"Mzee, gari inalala njiani kama mlevi," alimwambia Khotsa. "Nimenunua betri mpya, nayo imelala. Niambie kama ni mimi nimelogwa au ni gari."

"Wewe nani atakuloga na hiyo mdomo," Khotsa akamjibu, na watu wakacheka. Siku ile alikuwa Khotsa yule wa zamani kabisa. Alinisimamia nikapima. Mkanda mzuri. Waya nzuri. Tukaiazima betri nguvu kutoka gari lingine ili injini iwake, nikaweka mita, na namba ikakaa kwenye kumi na mbili, kisha nikaiona ikishuka taratibu. Nikasema, "Ni altaneta." Akasema, "Kwa nini isiwe betri?" Nikasema betri hii ni mpya, inakufa kwa kuwa hakuna anayeirudishia. Aliniambia, "Sawa, Mwiwa. Itoe."

Anti Nafula alileta altaneta nyingine kutoka mjini, ya kutumika lakini nzima. Niliifunga kwa mikono yangu. Nilitoa waya wa betri kwanza, injini ikiwa imezimwa, nikalegeza mkanda, nikafungua bolti mbili, nikatoa ile iliyokufa, nikaweka hii, nikavuta mkanda mpaka ukakaza vizuri, nikarudisha waya. Khotsa alisimama tu akisema, "Ndiyo. Ndiyo." Nilipowasha, taa ya betri ikazima kwenye dashibodi. Nikaweka mita. Ikapanda hadi kumi na nne. Redio ya Mama Ingokho ikaanza kuimba kwaya. Mama, sijawahi kufurahi vile. Nilitaka kukupigia hapo hapo.

Niliinama kukusanya spana. Nilipoinuka, Khotsa alikuwa ameinama juu ya betri na spana ndogo. Injini inanguruma. Akasema, "Sasa tuhakikishe," kwa sauti ya raha kabisa, kama kijana. Akautoa waya.

Taa za mbele, nilizokuwa nimewasha kupima, ziling'aa ghafla, nyeupe, kuliko nilivyowahi kuona. Kwaya ikakatika. Kisha kukatoka harufu ya kuungua, injini ikakohoa na kuzima, na kuku wote wakanyamaza.

Khotsa alisimama na ule waya mkononi. Aliuangalia. Mama, aliuangalia kama kitu alichookota njiani asichojua ni cha nani. Kisha akaniwekea mkononi, taratibu, akasema, "Shika." Nikashika.

Mama Ingokho alikuwa ameenda kunywa chai kibandani. Aliposikia redio imenyamaza alikuja na kikombe chake, na watu wa kibandani nyuma yake. Khotsa akageuka, akaona waya mkononi mwangu. Akaniuliza mbele yao wote, "Nani ametoa huu waya?"

Alikuwa anauliza kweli. Nataka uelewe hapo, Mama, kwa sababu Shikuku mwanzoni alidhani alinisukumia makosa. Kaka yako hajawahi kumsukumia mtu kosa. Alikuwa hajui.

Nikasema, "Ni mimi, Khotsa."

Nadhani ndilo neno nililolisema kwa sauti kubwa kuliko yote tangu nifike huku. Hata wa nyuma walisikia.

Alinikaripia mpaka sauti ikamkauka. Sitakuandikia yote. Lakini katikati ya yale maneno alieleza kwa nini waya hautolewi. Alisema betri ni kama bwawa, altaneta inamwaga umeme ndani yake, na ukiondoa bwawa ghafla ule umeme hauna pa kutulia, unaruka na kupiga kila kitu kilicho mbele. Alieleza vizuri hivyo, hatua kwa hatua, hakuruka hata moja. Lilikuwa somo zuri kuliko yote aliyonifundisha, na nililipokea nimeinamisha kichwa, huku nikiomba lisiishe.

"Nilikukataza siku ya kwanza," akasema. "Nilikukataza au sikukukataza?"

"Ulinikataza."

Mama Ingokho alipiga makofi ya kusikitika. "Gari yangu imeingia ikiwa mgonjwa, sasa inatoka maiti. Hawa kuku wananiuliza tunaenda saa ngapi, niwajibu nini? Mzee, hii kazi ni ya wanaume. Msichana mpe sufuria."

"Sufuria nayo ataitoboa," akasema mmoja wa wale wa chai, na wakacheka.

Khotsa hakucheka. Alikwenda kwenye Corolla yake, ile ya kumpeleka Anti kanisani, ambayo ni ya aina moja na ile, akatoa altaneta yake akamfungia Mama Ingokho badala ya ile iliyoungua, bila kudai kitu. Mikono yake ilijua kila bolti. Redio tu ndiyo haikupona. Mimi niliambiwa nikae kwenye benchi, nisiguse hata kitambaa. Nilimwona amesahau kukaza ile bolti inayoshikilia mkanda. Nikamwangalia Shikuku, na Shikuku akaja akijifanya anatafuta nyundo yake, akainama, akaikaza, akaondoka akipiga mluzi.

Baadaye Khotsa alipoenda kunawa, Shikuku alinisogelea. "Wewe Mpwani, kwa nini umejibebesha?"

"Uliona?"

"Miwani yangu ya kuchomelea si nyeusi saa zote."

Nikageuka kumwangalia Khotsa akinawa. "Basi mimi sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa na moshi machoni." Na kweli aliyapangusa.

Jioni tulipokuwa tunapika, Anti Nafula aliniuliza bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Ni yeye alitoa huo waya, sivyo?" Nilianza kulia, hivyo hakuhitaji jibu. Ndipo akaniambia. Anasema mzee anasahaunga tangu mwaka jana. Siku moja alitoka kanisani akatembea njia ya Kakamega badala ya njia ya nyumbani, akarudishwa na mtu wa bodaboda. Walienda hospitali, daktari akasema ni ugonjwa wa kusahau, dawa zinaweza kuuchelewesha kidogo lakini hazitamrudishia kilichokwisha kwenda. Khotsa alitoka pale akasema daktari yule ni mtoto mdogo, hajui kitu. Akamwapisha Anti asikwambie. "Alisema mama yako ana mzigo wake huko," Anti akaniambia. "Na mimi nimenyamaza mpaka nimechoka, mwanangu. Hata leo nimeshukuru hiyo gari yetu kukosa altaneta. Sitaki aendeshe tena."

Nilimwuliza kama tumwambie ukweli wa ule waya. Anti aliendelea kukoroga unga. Akasema, "Ukimwambia leo, kesho atakuwa amesahau waya, lakini aibu itabaki. Atakuwa anaona aibu na hajui ni ya nini."

Mama, nimeyafikiria maneno hayo kila siku.

Sasa nakuja kwenye shida yenyewe. Mambo mengi yamemtoka Khotsa lakini hili halijamtoka. Kila asubuhi ananikuta kwenye benchi, na ananikumbusha. Hasemi kwa hasira tena, anasema kwa huzuni. "Ulikuwa na mikono mizuri, Mwiwa. Lakini fundi asiyesikia ataua mtu. Mwisho wa mwezi urudi kwa mama yako." Na mimi nikiondoka hapa, hakuna wa kupita nyuma yake. Shikuku ana kazi zake, hawezi kutafuta nyundo kila saa. Juzi Khotsa alitaka kuingia chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki peke yake, bila gogo. Nilivunja amri, nikatoka kwenye benchi, nikasukuma gogo kwa miguu yangu mpaka likakaa. Hakunigombeza. Alisema, "Nani ameweka hili? Ameweka vizuri."

Anti anasema hapa kuna njia moja. Mimi mwenyewe siwezi kuomba msamaha nikasamehewa. Mwiwa akimkosea khotsa wake, mama yake ndiye anayekuja kusimama mbele ya kaka yake, na kaka hawezi kumkatalia dada. Anasema wewe unaijua desturi hiyo kwa sababu bibi yako aliwahi kuja kwa ajili ya mama yenu. Uje na blanketi, uketi, ungoje akupe chai, ndipo useme. Akishasema "nimesamehe" mbele yako, hatanifukuza tena, hata akisahau kwa nini. Anti ameongeza kwamba akikuona sasa atakujua.

Najua shamba halina mtu, na najua goti lako na safari ya basi usiku na mchana. Nisingekuomba kwa ajili yangu. Nikirudi nyumbani nitapata la kufanya, hata kufua nguo za watu. Ila sitaki niwe nimekaa hapo Voi, niletewe habari kwamba jeki imeteleza.

Msalimie Baba, umwambie asinikasirikie akisikia watu wa huku wanavyonisema. Mpe pole Mghoi kwa mtihani wa hesabu, na umwambie ile mita niliyomwahidi nitamwonyesha inavyofanya kazi. Bibi wa Mwatate umshike mkono kwa niaba yangu, na Mama Mwadime umshukuru kwa kuitunza barua hii. Anti Nafula anakusalimu sana. Khotsa pia. Alipoona naandika aliniuliza ni kwa nani, nikamwambia ni kwako, akasema, "Mwambie dada yangu niko na nguvu."

Ukifika, atakusimulia kosa langu tangu mwanzo mpaka mwisho. Atakwambia jinsi alivyonikataza, na jinsi nilivyoutoa waya injini ikinguruma. Usimkatize, Mama, na usiniangalie mimi. Mwache amalize yote vizuri, kisha umwambie, "Kaka, nisamehee mtoto."

Ni mimi mwanao,

Wakesho